Tunahesabu kofia, kingo hatuzioni

Desemba 2023 OSHA ya Marekani, wakala wa usalama na afya kazini (si hii yetu ya Tanzania, ingawa herufi ni zile zile), ilitangaza kuwa wakaguzi wake wanaachana na kofia ngumu za zamani na kuanza kuvaa helmeti za kisasa, zenye kamba ya kidevuni na sponji inayolinda hadi pande za kichwa. Habari hiyo haikufika kwetu mara moja, lakini ilipofika ilikuja na wauzaji wake. Kwenye miradi mikubwa ya Dar es Salaam helmeti hizo sasa unaziona, hasa vichwani mwa wahandisi na wageni wanaokuja kukagua, na kila nikikaa na watu wa ujenzi swali linajirudia: sisi tutazilazimisha lini?

Swali si baya, ila limekuja kabla ya zamu yake. Hakuna kofia, ya zamani wala mpya, iliyowahi kumzuia mtu kuanguka. Kofia inaanza kazi baada ya kila kitu kingine kushindwa. Ninachosema ni kwamba katika saiti zetu tumeigeuza kofia kuwa ndiyo kipimo cha usalama, na kwa kufanya hivyo tumeacha kuuangalia ukingo wa slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), tundu la lifti na ubao wa jukwaa, yaani pale mtu anapoanzia kuanguka. Helmeti mpya ikiingia kwa mtazamo huu huu, tutakuwa tumempa fundi kitu cha bei zaidi cha kuanguka nacho.

Wanaoitukuza kofia ngumu hupenda kuanzia kwenye daraja la Golden Gate la San Francisco, na mimi nitaanzia hapo hapo, kwa sababu kisa chenyewe kinawasuta. Kazi ilianza mwaka 1933 chini ya mhandisi mkuu Joseph Strauss. Wafanyakazi walilazimishwa kuvaa kofia ngumu zilizotengenezwa na Edward Bullard wa mji huo huo, na ndiyo maana picha za daraja lile hazikosekani kwenye semina za usalama. Kinachosahaulika ni kwamba Strauss alitandaza pia wavu chini ya daraja, kwa gharama ya zaidi ya dola 130,000 za wakati ule. Makadirio ya wajenzi wa enzi hizo yalikuwa ya kutisha: mtu 1 afe kwa kila dola milioni 1 ya mradi, na daraja lile liligharimu kama milioni 35. Waliokufa walikuwa 11. Watu 19 walianguka, wakadakwa na wavu, wakapanda tena kazini. Na kati ya wale 11, 10 walikufa siku moja, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa zito lilipong'oka na kuuchana wavu. Kofia ziliruhusu watu kupigwa na ribiti (kipande cha chuma cha kuungia) iliyoponyoka mkononi mwa mtu wa juu wakaendelea na kazi, na hilo si jambo dogo. Lakini wale 19 waliokolewa na wavu, na ulipochanika, kofia haikuwa na la kufanya.

Sababu haihitaji ufundi mkubwa kuieleza. Kiwango cha Ulaya cha kofia za viwandani, EN 397, kinaipima kofia kwa kuidondoshea uzito wa kilo 5 kutoka urefu wa mita 1. Hiyo ni nishati ya takriban juli 49. Ni sawa na nyundo ya kilo 1 iliyoanguka kutoka mita 5 juu yako, na kwa kazi hiyo kofia nzuri inatosha. Sasa mchukue fundi anayepiga lipu kwenye jukwaa la mita 3, kimo ambacho hapa kwetu hakuna anayekihesabu kuwa ni juu. Akiteleza anafika chini kwa chini ya sekunde 1, akiwa na mwendo wa kilomita 27 au 28 kwa saa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kichwa peke yake, ukikiacha kifua, nyonga na mgongo, kinafika sakafuni na karibu juli 147, mara tatu ya kipimo kile. Na mara nyingi hakigongi kwa utosi, ambao ndio kofia ya kawaida imeundwa kuukinga. Kinagonga kwa kisogo au kwa ubavu. Tena kama kofia haina kamba, yenyewe inakuwa imeshavuka nusu ya njia kwenda kwa jirani kabla kichwa hakijafika.

Hapa haki itendeke. Wanaozitetea helmeti mpya wanayajua haya yote, na hoja yao ina uzito. Kamba ya kidevuni inaibakiza helmeti mahali pake. Sponji ya pembeni inapunguza kishindo cha kichwa kinachogonga kwa ubavu. Takwimu ambazo Wamarekani walizitoa pamoja na tangazo lao zinaonyesha kuwa, kati ya majeraha ya kichwa ya kazini ya mwaka 2020 yaliyomlaza mtu nje ya kazi, karibu nusu yalitokana na kugongwa na kitu au kugonga kitu, na kama asilimia 20 yalitokana na kuteleza, kujikwaa au kuanguka. Kwa hiyo helmeti iliyo bora inawasaidia wengi, na kwa anayeanguka kutoka kimo kifupi inaweza ikawa ndiyo tofauti kati ya kizunguzungu cha siku mbili na kulazwa wodini. Sina ugomvi na hilo. Kama mkandarasi ana fedha ya kununua helmeti hizo, anunue. Ninachokataa ni ile furaha inayofuata, ya kudhani kwamba sasa suala la kuanguka limepatiwa dawa.

Nadhani bodaboda zimechangia. Kwa miaka zaidi ya kumi tumeambiwa kila kona kwamba helmeti ndiyo uhai, na kwa pikipiki ni kweli kabisa, maana huwezi kuizungushia barabara ya Morogoro uzio wa mbao. Ila jengo si barabara. Ukingo wa slabu unajulikana ulipo tangu siku mchoro unachorwa, urefu wake unapimika kwa futi kamba, na unaweza kuzibwa asubuhi kabla fundi hajapanda. Somo la barabarani tumelihamishia saitini bila kuuliza kama linafaa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye jengo la ghorofa nne, sitalitaja wala mwenyewe, pale msimamizi alipopigiwa simu kwamba wakaguzi wako njiani. Alifungua kontena, akatoa gunia, na ndani ya dakika kumi kila mtu alikuwa na kofia ya njano kichwani, nyingine zikiwa bado na vumbi la saruji la mradi uliopita. Vijana wakawa wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe kutafuta inayowakaa. Wakaguzi walikuja, wakahesabu, wakaandika, wakaondoka. Ghorofa ya tatu, hatua kama sita kutoka waliposimama, palikuwa na tundu la lifti limefunikwa kwa kipande cha plaiwudi kilichowekwa tu, bila msumari hata mmoja. Jioni kofia zilirudi kwenye gunia. Plaiwudi ilikuwa pale pale nilipoondoka.

Ile plaiwudi inastahili kuangaliwa kidogo, kwa sababu ni mtego ambao wajenzi wa nchi nyingi wanaujua. Kijana anahitaji kipande cha ubao, anakiona pale, hajui kimeficha nini. Anakinyanyua kwa mikono miwili, kinamziba macho, anapiga hatua moja mbele. Ameondoa kifuniko na kuingia shimoni kwa tendo lile lile. Kinga yake ni misumari minne na maandishi ya rangi nyekundu: TUNDU. Saiti yenye kofia kwa kila kichwa na plaiwudi isiyopigwa misumari inafaulu ukaguzi, na iliyopiga misumari lakini ina vijana wawili wasio na kofia inaandikwa vibaya. Hapo kipimo chetu kinatudanganya mchana kweupe.

Njia nyingine za kuanguka nazo zinafahamika na mtu yeyote aliyekaa saitini wiki mbili. Jukwaa la mirunda, yaani nguzo za miti, lina ubao mmoja au miwili tu ya kukanyagia, kwa sababu mbao nyingine zimechukuliwa kwenda kumwagia zege linta, na fundi anatembea kama mcheza sarakasi huku mkono mmoja umeshika karai. Mrunda wenyewe umefungwa kwa kamba ya katani iliyokwishanyeshewa. Ngazi imepigiliwa kwa vipande vya mbao, imeegeshwa wima mno, na kichwa chake kinaishia sawasawa na slabu, kwa hiyo anayeshuka hana cha kushika wakati anageuka. Juu ya paa la ghala fundi anatembea kwenye bati akijua mahali pa misumari ndipo penye mbao, halafu anakanyaga lile bati la plastiki linalopitisha mwanga, ambalo limekaushwa na jua miaka kumi na haliwezi kubeba hata paka. Na si ujenzi peke yake. Wapakiaji wanaofunga turubai juu ya shehena ya lori wanasimama mita 3 na zaidi hewani bila cha kushika, mkwezi wa nazi ana miguu yake na kata alizozichonga kwenye mnazi, na mhudumu wa hoteli anateleza kwenye marumaru yaliyopigwa deki dakika moja iliyopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kwa kila namna, kazini na nyumbani, kunaua watu 684,000 kwa mwaka. Kati ya vifo vya majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani tu zinazoua zaidi.

Kabla sijaulizwa, mkanda je? Mkanda wa usalama, ule wa kuvaa mwili mzima wenye kamba nyuma, ni kifaa kizuri sana mahali pake, na mahali pake ni juu. Piga hesabu. Kamba ina mita 2. Kile kifurushi cha kupunguza mshtuko kilicho kwenye kamba kikifunguka kinaongeza hadi mita 1.75. Kutoka kwenye pete ya mkanda iliyo mgongoni hadi nyayoni ni mita 1 na nusu, na inabidi ibaki angalau mita 1 ya akiba. Jumla inapita mita 6. Maana yake, fundi akiifunga kamba usawa wa miguu yake kwenye slabu ya ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka ardhini, atafika chini kabla mkanda haujamaliza kazi yake. Picha atapigwa nzuri. Zaidi ya hapo, kamba inahitaji kufungwa kwenye kitu kinachoweza kustahimili mshtuko wa mwili wa mtu, na kwenye saiti nyingi kitu hicho ni nondo iliyochomoza au ule ule mrunda. Na anayening'inia anatakiwa kushushwa haraka, kwani mtu aliyening'inia kwa mkanda bila kusogeza miguu anaweza kuzimia. Nani saitini ana mpango wa kumshusha?

Waingereza walilimaliza jambo hili kwa mpangilio rahisi katika kanuni zao za kazi za juu za mwaka 2005. Kwanza uliza kama kazi inaweza kufanyika chini. Makenchi ya paa, kwa mfano, yanaweza kuunganishwa ardhini halafu yakapandishwa kwa winchi. Ikishindikana, zuia mtu asianguke, kwa jukwaa kamili na kizuizi cha ukingoni. Ikishindikana tena ndipo unafikiria wavu, mkanda na vitu vya kupunguza madhara. Kofia iko nyuma kabisa ya foleni. Pia walikiondoa kile kipimo cha zamani cha mita 2, ambacho chini yake kazi haikuhesabiwa kuwa ya juu, kwa sababu watu walikuwa wanakufa chini ya mita hizo. Hawajamaliza tatizo. Mwaka 2023/24 wafanyakazi 138 walikufa kwa ajali za kazini Uingereza, na 50 kati yao walianguka kutoka juu. Hata Marekani, ambako ukosefu wa kinga ya kuanguka ndilo kosa linaloongoza kwa kuandikiwa na wakaguzi kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo, bado linaongoza. Kwa hiyo sisemi tukinakili sheria yao tumepona. Nakubaliana na ule mpangilio wao wa maswali, nao hauhitaji fedha kuunakili.

Fedha ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, na haipaswi kupuuzwa. Nyumba nyingi za nchi hii hazijengwi na makampuni. Anajenga mwalimu, askari, mama mwenye duka, kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kupaua mwaka wa tatu. Kukodi jukwaa la chuma kwa siku, wakati kazi inasimama kila fedha inapokata, ni kumwambia asijenge. Hoja hiyo naikubali, lakini inafika mahali inakoma. Mrunda si dhambi. Mrunda mnene uliokauka, uliosimikwa vizuri, ukafungwa kwa kamba mpya au waya na kukazwa ukutani, ukajazwa mbao upana mzima, unambeba fundi bila wasiwasi. Kinachokosekana ni mirunda miwili ya kulala, mmoja usawa wa kiuno na mwingine katikati, pamoja na ubao uliosimamishwa kwenye ukingo wa kukanyagia. Ubao huo wa chini, kwa taarifa yako, ndio unaozuia nyundo na tofali zisimwangukie aliye chini. Yaani ukingo uliozibwa unafanya hata sehemu kubwa ya kazi ambayo kofia ilinunuliwa kuifanya. Vifaa vyenyewe viko saitini tayari, na baada ya lipu vinarudi kuwa kuni au kwenda kwa jirani.

Kuna wanaosema ajali haina kinga. Methali hii naiheshimu kwa anayefiwa, inamsaidia kupumua. Mdomoni mwa mkandarasi inanitia shaka, kwa sababu mtu huyo huyo ameikatia gari yake bima na kuiwekea stoo ya saruji mlinzi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo unayoisikia zaidi, ni kwamba mafundi wetu wakaidi. Ukiwapa vifaa hawavai, ukiwaambia wanacheka, wamezoea. Waliofanya kazi kwenye reli ya SGR au kwenye daraja la Kigongo–Busisi watakuambia kwamba pale hukanyagi eneo la kazi bila kuvaa ulichoagizwa, na wanavaa. Mradi ukiisha, kijana huyo huyo anapata kazi ya kupaua nyumba ya mtu huko Goba, Dar es Salaam, na anapanda kwa ndala. Kichwa hakijabadilika, wala mafunzo hayajamtoka. Ukaidi gani huu unaoishia kwenye geti la mradi mmoja na kuanza kwenye geti la mwingine? Kilichobadilika ni namna anavyolipwa. Kwenye mradi mkubwa analipwa kwa siku au mwezi, na muda wa kuandaa jukwaa ni muda wa kazi. Goba wamepatana: nyumba nzima kwa kiasi fulani, na kila saa anayoitumia kufunga mirunda ya kinga inatoka mfukoni mwake na mwa saidia fundi wake. Tumemwachia maskini alipie usalama kwa muda wake, halafu tunashangaa anaubana. Na ile kofia asiyoivaa, ukiishika mchana wa Januari utakuta imepata joto, haina kitu cha kunyonya jasho, na ni ya saizi moja kwa watu thelathini.

Sheria haikosekani. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, tuna wakala wake, na kila tarehe 28 Aprili tunaadhimisha siku yenyewe kwa maandamano, tisheti na mabanda ya maonyesho. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, na hayo ni maendeleo makubwa. Sheria ya zamani iliyorithiwa kutoka ukoloni ilikuwa na kikomo cha fidia cha Sh108,000, fedha isiyotosha hata kusafirisha msiba. Wakenya nao tangu 2007 wana sheria inayofikisha fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu kwenye mapato ya miezi 96. Lakini fidia inakuja baada ya mtu kuanguka. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wetu umeshushwa hadi asilimia 0.5 ya mishahara, na ofisi ya wahasibu wenye viti vya kuzunguka inachangia kwa kiwango kile kile cha kampuni ya kupaua maghala. Sijui mtu wa bima ya magari angeikubalije hesabu hiyo. Na yule wa Goba, aliyepatana kwa mdomo na mwenye nyumba anayefanya kazi benki, mwajiri wake ni nani hasa?

Panapouma zaidi ni baada ya kuanguka, na hapa kofia inaweza hata kuleta madhara kwa kumpa mtu imani. Fundi anaanguka, anakaa chini, anajikung'uta, anasema niko poa. Wenzake wanacheka kidogo kwa kuondoa hofu, anapewa soda, anakwenda nyumbani mapema. Kuna aina ya kuvuja damu, kati ya fuvu na utando wa ubongo, ambayo inampa mtu saa kadhaa za kuongea vizuri na kutembea kabla damu haijaubana ubongo. Usiku anasema kichwa kinazidi, anatapika, anataka kulala, ongea yake inakuwa nzito, mboni ya jicho moja inapanuka. Familia inadhani ni uchovu. Akiwahishwa panapo kipimo cha CT na daktari wa upasuaji wa ubongo, kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mtu huyu anaweza kurudi kazini. Akiachwa hadi asubuhi, mara nyingi inakuwa ni ya kuaga. Na yule asiyeinuka kabisa anabebwa na watu wanne, mikono na miguu, shingo inaning'inia, hadi kwenye bajaji, kwa huruma kubwa inayoweza kumkata uti wa mgongo. Saiti ngapi zina mtu mmoja tu anayejua kwamba shingo inashikwa kwanza, na kwamba aliyegonga kichwa halali peke yake usiku huo?

Kwa hiyo nikirudi kwa wanaouliza helmeti mpya zilazimishwe lini, jibu langu linaanzia kwenye karatasi ambayo watu wa usalama hawaisomi, yaani mchanganuo wa gharama wa zabuni. Mara nyingi usalama wote umetupwa mwanzoni, kwenye gharama za jumla, pamoja na ofisi ya muda, choo na kibao cha mradi. Ni kiasi kimoja kisicho na vipimo, na mkandarasi anayetaka kushinda kwa bei ndicho anachokikata kwanza, kwa sababu hakuna atakayekidai. Nondo hazikatwi, zimeandikwa kwa kilo. Zege halikatwi, limeandikwa kwa mita za ujazo. Kizuizi cha ukingoni kiandikwe hivyo hivyo: mita ngapi za kingo kwa kila ghorofa, matundu mangapi ya kufunika kwa misumari, mita ngapi za mraba za jukwaa lililojaa mbao, kwa bei isiyoruhusiwa kushindaniwa, na kilipwe kinapoonekana kimefungwa. Mpima gharama anavijua tayari, kwa sababu mzunguko wa slabu ameshaupima kwa ajili ya mbao za zege. Kwa nyumba za watu binafsi, kibali cha ujenzi cha halmashauri kina masharti mengi ya mita kutoka mpakani na mahali pa shimo la choo. Sharti la jukwaa na la kufunika matundu lingeingia kwenye ukurasa ule ule.

Mkaguzi naye abadilishiwe fomu. Aanzie juu kabisa ya jengo, ashuke ghorofa moja moja akizunguka kingo, na kila tundu alikanyage pembeni kwa kiatu aone kama kifuniko kinasogea. Kofia azihesabu akifika chini, mwishoni, wakati anarudi kwenye gari.